Wahaya Katika Filamu ya John Ford



Mwaka 1953 kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer ya Marekani ilitoa filamu iitwayo Mogambo. Nyota wake walikuwa Clark Gable na Ava Gardner, na pembeni yao alikuwapo chipukizi mmoja, Grace Kelly, ambaye miaka mitatu baadaye aliolewa na Mtawala wa Monaco. Aliyeiongoza ni John Ford. Pamoja na majina ya wakubwa hao, orodha ya washiriki inataja makabila manne ya Afrika: Wasamburu wa Kenya, Wagenia wa Kongo ya Wabelgiji, Wambeti wa Afrika ya Ikweta ya Wafaransa, na Wahaya wa Tanganyika.

Wahaya, yaani sisi. Wengi wetu katika darasa la falsafa tumetoka Bukoba na Muleba, na wenzetu waliotoka mbali wamekwisha kuzoea kula ndizi mchana na usiku bila manung'uniko. Tulipoitazama filamu hiyo jioni moja ya mapumziko, ukumbi ulipiga makofi jina la kabila lilipoonekana. Makofi yalipotulia, frateri mmoja wa Muleba akauliza: "Ni Wahaya gani hao?" Hakuna aliyejibu. Swali hilo limetufuata darasani, shambani na hata likizo, na ndilo linalotufanya tuandike makala hii.

Tuanze na huyo mwongozaji, maana wasomaji wetu wengi hawamfahamu. Alizaliwa tarehe 1 Februari 1894 huko Cape Elizabeth, katika jimbo la Maine, Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji Wakatoliki kutoka Galway, Ireland, na baba yake aliendesha kilabu cha pombe katika mji wa Portland. Jina lake la kuzaliwa ni John Martin Feeney. Kaka yake Francis alitangulia kuingia katika kazi ya filamu na kujiita Ford. Mdogo mtu akamfuata California mwaka 1914, akalichukua jina hilo. Kwa miaka kadhaa aliitwa Jack Ford, kisha John Ford. Baadaye alipenda kuwaambia watu kwamba jina lake halisi ni la Kiairishi, Sean Aloysius. Kwa hiyo tunazungumza juu ya mtu aliyekuwa na majina ya kutosha, na aliyeweza kuchagua lipi aandikwe nalo.

Alianza kuongoza filamu mwaka 1917, enzi ambazo filamu hazikuwa na sauti. Hadi anaiaga kazi hiyo alikuwa ameongoza filamu zaidi ya 100. Alipata tuzo ya Oscar ya mwongozaji bora mara 4, kwa filamu The Informer ya mwaka 1935, The Grapes of Wrath ya 1940, How Green Was My Valley ya 1941 na The Quiet Man ya 1952. Mpaka leo hakuna mwongozaji mwingine aliyefikisha idadi hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa afisa wa jeshi la majini, na mwaka 1942 alijeruhiwa huko Midway akipiga picha za mapigano.

Ni vizuri kueleza kazi yake ilivyokuwa, kwani haikufanana na kazi ya waongozaji wa leo. Hollywood ya wakati huo ilishikwa na kampuni chache kubwa zilizoitwa studio. Studio ilikuwa na majengo yake, mafundi wake, washonaji wake na waigizaji wake wa mkataba. Ilichagua hadithi, ikapanga nani aigize, na mwisho ikaamua filamu ikatwe vipi kabla ya kuonyeshwa. Mwongozaji alikuwa mwajiriwa kama wengine. Ford aliishi ndani ya mfumo huo kwa ujanja wa fundi: alipiga picha chache mno, zile tu alizozihitaji, hivi kwamba wakubwa walipokaa kuunganisha vipande hawakuwa na vipande vingine vya kuchagua. Filamu ikatoka kama alivyoiona yeye kichwani. Wanaojifunza kutii huku wakibaki na dhamiri zao wataona kwamba kuna jambo la kutafakari hapo, ingawa Ford mwenyewe hakuwa mtu wa kuigwa katika yote. Alikunywa sana baina ya kazi moja na nyingine, na alikuwa na tabia ya kuwadhalilisha waigizaji mbele ya wenzao.

Mwaka 1947 aliongoza The Fugitive, filamu iliyotokana na riwaya ya Graham Greene kuhusu padre anayewindwa huko Mexico wakati wa mateso ya Kanisa. Filamu hiyo ilikula hasara, na kampuni ndogo aliyoianzisha na rafiki yake ikabaki na madeni. Akarudi kutengeneza filamu za wachunga ng'ombe wenye bastola na farasi, ambazo soko lilizitaka. Miaka 5 baadaye, akiwa na umri wa miaka 58, akapewa kazi ya kuja Afrika.

Hapo ndipo historia yake inapokutana na yetu. Kuanzia Novemba 1952 kikosi cha Ford kilifanya kazi Kenya, Uganda, Kongo na Tanganyika. Kenya ilikuwa imetangaziwa hali ya hatari tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo kwa sababu ya Mau Mau. Upande wa Tanganyika walipiga picha katika Mto Kagera. Wengi wetu tunaujua mto huo kwa daraja la Kyaka, tunapovuka kwenda Mutukula, na kwa vita vya mwaka 1978 daraja lile lilipobomolewa. Ni wachache wanaojua kwamba kabla ya vifaru vya Idi Amin zilitangulia kamera za Hollywood. Walipomaliza huku, kikosi kilikwenda Uingereza, na sehemu za ndani ya nyumba zikapigwa katika studio ya kampuni hiyo huko Borehamwood.

Jina la filamu lenyewe lina kisa. Watu wa matangazo walieneza kwamba mogambo ni neno la Kiswahili lenye maana ya mapenzi makali. Msomaji wetu anajua kwamba hakuna neno kama hilo. Tunalo neno mgambo, na kila aliyewahi kufanya biashara bila kibali anajua linamaanisha nini. Inasemekana mtayarishaji wa filamu alibadilisha herufi moja tu katika jina la klabu ya usiku ya Hollywood iliyoitwa Mocambo. Kwa sikio la Mhaya neno hilo linakumbusha ebigambo, yaani maneno. Na maneno ndicho kitu ambacho Wahaya hawakupewa katika filamu hii. Miaka michache baadaye Howard Hawks alikuja kupiga filamu yake huko Arusha, akaiita Hatari!, iliyotoka mwaka 1962. Yeye angalau aliuliza.

Hadithi ya Mogambo si ngeni. Ni marudio ya filamu ya mwaka 1932 iitwayo Red Dust, ambayo pia Clark Gable aliigiza. Mwindaji anayekamata wanyama kwa ajili ya bustani za Ulaya na Marekani anajikuta kati ya wanawake wawili, mmoja wao mke wa mtu. Wakaguzi wa filamu wa Hispania, enzi za Jenerali Franco, waliona uzinzi huo haufai kuonyeshwa kwa Wakatoliki. Katika kutafsiri sauti wakawageuza mke na mume kuwa kaka na dada. Watazamaji wakaona kaka na dada wanaoishi pamoja kwa namna ya kutia shaka, na dawa ikawa mbaya kuliko ugonjwa. Ndani ya filamu yumo pia padre mmisionari, Padre Josef, na mhusika wa Ava Gardner anamwendea kuungama. Tunadhani hapo ndipo tunapomwona Ford mwenyewe, mtoto wa Wakatoliki wa Galway. Kamera yake inamhurumia mwanamke ambaye wenzake wenye heshima wanamdharau.

Sasa Waafrika. Wanapiga makasia, wanabeba mizigo, wanaimba. Filamu haina muziki wa okestra kama ilivyokuwa desturi ya studio, bali ngoma na nyimbo za Waafrika ndizo zinazochukua nafasi hiyo. Ni jambo zuri, na lilikuwa la pekee kwa wakati wake. Nyuso zimepigwa kwa ustadi mkubwa, mwanga unaanguka juu ya mabega na maji kama katika picha takatifu. Lakini huwezi kujua mwimbaji ni nani. Filamu inakupa sauti yake na ngozi yake, kisha inakuambia kabila lake.

Mwenzetu mmoja alipinga kwa hoja nzuri. Alisema waigizaji wa kujazia hawakuandikwa popote wakati ule, hata Wazungu. Umati unaopita barabarani katika filamu za zamani hauna majina. Kwa hiyo kulitaja kabila kulikuwa ni heshima, maana wengine hawakutaja chochote.

Hoja hiyo tunaikubali nusu. Ni kweli kwamba kuandika "Wahaya" kulikuwa bora kuliko kuandika "wenyeji". Lakini hakuna filamu ya wakati ule iliyoandika kwamba washiriki wake ni "kabila la Waingereza wa London". Umati wa London uliachwa bila majina kwa sababu orodha ilikuwa fupi. Wahaya waliandikwa, nafasi ikapatikana, na bado waliandikwa kama kitu kimoja. Boethius, tuliyemsoma darasani, aliieleza nafsi kuwa ni uwepo wa pekee wenye asili ya akili. Neno zito hapo ni "wa pekee". Kabila halizaliwi siku fulani, haliumwi jino, haliogopi mamba linaposhika kasia. Anayefanya hayo ni mtu mmoja, mwenye mama mmoja. Ukilitaja kabila ukamwacha mtu, umetaja kila kitu isipokuwa nafsi.

Na hatusemi hivi kwa sababu Ford alikuwa kipofu kwa wanyonge. La hasha. The Grapes of Wrath inahusu wakulima maskini wa Oklahoma waliofukuzwa katika mashamba yao wakati wa mdororo wa uchumi, na baada ya kuiona huwezi kusahau ukoo wa Joad, bibi na babu na mama mwenye kutunza sufuria na heshima ya nyumba. Ford aliujua umaskini wa wahamiaji kutoka mezani kwa baba yake. Aliwapa wakulima wale majina na maneno. Lakini katika bonde la Monument Valley, ambako alipiga filamu zake nyingi za wachunga ng'ombe, aliwatumia Wanavajo miaka mingi kuwa Waapache, Wakomanchi au Wacheyenne, kadiri hadithi ilivyotaka. Mwaka 1964, akiwa mzee wa miaka 70, aliongoza Cheyenne Autumn, akikusudia safari hii kusimulia mateso ya Wahindi Wekundu kwa upande wao wenyewe. Hata humo Wacheyenne wengi wanaigizwa na Wanavajo, na nafasi kubwa za machifu walipewa waigizaji waliozaliwa Mexico. Alikuwa ameanza kuona, lakini macho yalifika kabla ya mikono.

Alifariki tarehe 31 Agosti 1973, akazikwa katika makaburi ya Kikatoliki ya Holy Cross huko Culver City, California. Tunamwombea kama tunavyowaombea marehemu wote, na tunalichukua swali lake ambalo halikujibiwa.

Wakati wa likizo, watatu kati yetu tulilipeleka swali hilo kwa wazee wa Muleba. Tulitembea kutoka mgomba hadi mgomba tukiuliza kama yupo anayekumbuka Wazungu waliokuja na kamera kwenye Mto Kagera mwishoni mwa mwaka 1952. Hatukumpata. Mzee mmoja alikumbuka sinema iliyoonyeshwa usiku kwenye shuka jeupe lililotundikwa uwanjani, na watoto waliokimbia kwenda nyuma ya shuka kutafuta watu walikojificha. Bibi mmoja, ambaye alituandalia kahawa ya kutafuna kabla hatujasema shida yetu, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akataka kujua sisi wenyewe ni wa ukoo gani, oluganda gani, na mwiko wetu, omuziro wetu, ni upi. Tulipomjibu ndipo akajibu. Alisema kwamba mtu anayekupiga picha bila kukuuliza oluganda lwako amepiga picha ya kanzu yako tu.

Tulicheka, lakini njiani tukaona kwamba bibi amesema kile tulichokuwa tukikitafuta kwa Boethius. Mila yetu haimfahamu mtu asiye na ukoo. Waimbaji wa enanga, wanaposimulia mashujaa kama Kachwenyanja, huwataja kwa majina yao, na vizazi vimeyapokea majina hayo bila karatasi wala mkanda wa filamu.

Injili nayo ina orodha yake ya washiriki. Katika sura ya 16 ya Luka, Bwana wetu anatoa mfano wa watu wawili. Mmoja ana nguo za zambarau na karamu za kila siku, mwingine amelala mlangoni na vidonda vyake. Tajiri hana jina. Maskini anaitwa Lazaro. Kama mfano huo ungeandaliwa na studio, tajiri angeandikwa kwa herufi kubwa, na mlangoni wangeandikwa "ombaomba wa Yudea". Yesu aliigeuza orodha. Na katika sura ya 10 ya Yohane anasema kwamba mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake.

Kanisa letu hapa Kagera limejaribu kuushika utaratibu huo kwa kalamu. Wamisionari wa Afrika walipofika Kashozi mwaka 1892 walileta vitabu vya ubatizo, na vitabu hivyo havina safu ya "kabila" peke yake. Kila mstari una jina la mtoto, la baba, la mama, la msimamizi, siku na padre. Katika likizo hiyohiyo tulisaidia parokia moja kunakili vitabu vya zamani ambavyo mchwa walikuwa wameanza kuvionja. Kazi hiyo inachosha macho, lakini ukiifanya kwa siku tatu hutasema tena "Wahaya wa mwaka 1952" kana kwamba ni kitu kimoja. Mwaka huo, mwezi Februari, Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Bukongo, alipewa daraja ya uaskofu. Miaka 8 baadaye alikuwa Kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu, na dunia nzima ikajifunza kulitamka jina la Kihaya. Inawezekana kabisa kwamba wapiga makasia wa filamu ile, wasio na majina Hollywood, wamo katika vitabu vyetu, kila mmoja na mstari wake, wakisubiri mtu wa kuunganisha kurasa.

Jambo hili linatuhusu kuliko linavyomhusu Ford. Leo kamera zimo mifukoni mwetu. Padre wa kesho ataongoza filamu nyingi kuliko John Ford bila kujua: picha za Kipaimara, za harambee, za kukabidhi magodoro na mifuko ya unga. Mara nyingi chini ya picha za namna hiyo, mtoa msaada huandikwa kwa jina na cheo, na anayepokea huandikwa "mjane" au "mtoto yatima". Papa Pius XI katika waraka Vigilanti Cura wa mwaka 1936 alihimiza Wakatoliki wawe macho na kile ambacho sinema inaingiza rohoni. Tunathubutu kuongeza kwamba tuwe macho pia na kile inachokiacha nje. Kabla ya kubonyeza kitufe, uliza jina, na uulize kama anapenda liandikwe. Ikiwa hapendi, hiyo nayo ni nafsi inayosema.

Tunamaliza kwa ombi. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1952 leo amepita 90. Kila mwezi tunahudhuria mazishi ya wazee wa rika hilo, na wanaondoka na majina ambayo hakuna orodha inayoyajua. Ndugu msomaji wa Bukoba, Muleba, Missenyi au Karagwe, kama nyumbani kwenu yupo babu au bibi wa umri huo, kaa naye Jumapili hii baada ya Misa. Muulize kama alisikia habari za Wazungu wa kamera mtoni. Asipozikumbuka, muulize walioishi kijijini kwake mwaka ule: jina, oluganda, kazi aliyofanya, mtoto wa nani. Andika katika daftari kwa kalamu ya wino na uonyeshe mwaka. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine mpelekee katekista wa kigango chako. Sisi tutaendelea na vitabu vya ubatizo kuanzia likizo ijayo, na tumefikia mwaka 1931.